Mshipi wa Mjomba na Fagio za Jumatatu

Nikienda sokoni kununua ufagio wa chelewa huwa naugeuza kwanza nitazame umefungwa kwa kitu gani. Muuzaji hudhani amepata mteja mjuzi, ananisifia, kumbe mwenzake natafuta kitu kilichooza miaka mingi iliyopita kwenye stoo ya shule moja pale Kihonda. Ukiwa umefungwa kwa mpira wa tyubu, nanunua. Ukiwa umefungwa kwa uzi, nauacha hata kama umepunguzwa bei. Wiki iliyopita binti yangu akaniuliza mbele za watu, "Mama, hivi uzi umekukosea nini?" Nikamwambia ashike mfuko twende. Tangu siku hiyo swali lake limenikaa kooni, na nimeona nilijibu kwa kuandika. Nyie wenzangu wa rika langu, mliosoma shule za msingi za kidumu na ufagio, mtanihukumu kwa haki kuliko yeye.

Tulikuwa tukiishi Kihonda kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo haikuwahi kupigwa lipu upande wa nyuma. Mama alikuwa mwalimu. Baba alifanya kazi Dodoma, akija mwisho wa mwezi na mikate, na uchovu wa safari uliomfanya agombeze kila kitu. Lakini kwa hesabu za kwetu Waluguru mwenye neno nyumbani alikuwa Mjomba, kaka yake Mama. Sisi ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo nilikuwa mtu wa Mjomba kabla sijawa wa mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye aliyenipa jina, na kama ningefanya kosa kubwa shauri lingepelekwa kwake. Nilikuja kulifanya kweli hilo kosa kubwa, ila niliyemkosea ni yeye mwenyewe, basi shauri likakosa pa kupelekwa.

Alihamia kwetu alipoacha kazi kwenye shamba la mkonge. Hakuja na mengi: sanduku la bati, redio yenye antena iliyofungwa waya, na mshipi wake wa kuvulia samaki. Mshipi ule aliusokota mwenyewe kwa nyuzi za pamba, nyuzi tatu kwa pamoja, pima ishirini na kitu, halafu akaupaka nta ya nyuki aliyoletewa na ndugu kutoka milimani. Aliuviringisha kwenye kibao na kuutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni, na ukifunga mlango ule sebule nzima ilinukia asali iliyochanganyika na tope. Nta iliupa rangi ya njano, na iliufanya uelee juu ya maji badala ya kuzama. Mbele kabisa, karibu na ndoana, alifunga kipande kifupi cha nailoni nyembamba.

"Kwa nini hapa ni mwembamba?" nilimuuliza siku ya kwanza aliponichukua mtoni.

"Hapo ni pa samaki, asishtuke," akasema. "Huu wa njano ni wangu mimi."

Nilicheka. Niliona kama wamegawana, Mjomba na samaki, kila mtu na upande wake. Sikuliuliza zaidi lile neno "wangu mimi", na sikujua kwamba alikuwa ananieleza jambo zito kuliko yote aliyowahi kunieleza.

Kila Jumamosi tulishuka Ngerengere, mahali ambapo mto unajikunja chini ya mikuyu na kufanya kina kirefu chenye maji ya rangi ya chai. Mjomba alikuwa na mwanzi mrefu. Alikuwa akitia utumbo wa kuku kwenye ndoana, akiurusha mshipi, nao ukijinyoosha juu ya maji kama mstari uliochorwa kwa rula. Hakutumia boya. Alisoma mshipi wenyewe: ukilala umepindapinda, hakuna mtu, ukianza kunyooka polepole kama unaovutwa na mtu mwenye aibu, kambale yuko chini anaonja. Na kila mara aliniuliza, "Mpwa wangu, mshipi unasemaje?"

"Umelala, Mjomba."

"Na sasa?"

"Umenyooka! Mjomba, umenyooka!"

Hapo aliunyanyua mwanzi kwa ghafla, kambale akatoka akijipinda, mweusi, mwenye masharubu, nami nikakimbia kinyumenyume huku nikipiga kelele. Nilidhani ananifundisha. Mama alikuwa mwalimu, na walimu ninaowajua mimi huuliza maswali ambayo majibu yake wanayo tayari. Basi niliona Mjomba naye ni mwalimu wa aina yake, anajua mshipi unasemaje ila anataka kuona kama mwanafunzi amemwelewa. Nilikuwa na miaka kama tisa, kumi. Siku nyingine sita za wiki Mjomba alikuwa mzee aliyekaa kibarazani akisikiliza redio na kusubiri Jumamosi. Alisema wazi mbele yetu wote, akimwambia Mama, "Mto ule ukininyima, dada, mtanizika mapema." Mama akamwambia aache maneno ya uchuro.

Sasa nifike kwenye ufagio.

Kulikuwa na jambo la ukoo huko milimani, upande wa Matombo, na Mjomba akaenda kwa zaidi ya mwezi. Mshipi aliuacha kwenye msumari wake. Jumatatu moja nikiwa najiandaa kwenda shule, ufagio wangu ukafumuka. Mnajua Jumatatu ilivyokuwa: kucha, nywele, soksi, ufagio, na mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Siku nyingine ningekimbia kwa jirani yetu Mzee Maganga, fundi baiskeli, akanikatia utepe wa tyubu bure, ndivyo mtaa mzima ulivyofunga fagio zake. Siku ile alikuwa hajafungua. Mama alikwisha tangulia shuleni, na kwa mtoto wa mwalimu kupanga mstari na chelewa mkononi kama kuni ilikuwa aibu ya watu wawili. Nikachukua wembe. Nikakata pima moja tu ya mshipi, upande wa ndani kule kwenye kibao, nikasema Mjomba hataona, na kama ataona pima moja si kitu.

Wallahi sijapata kuona ufagio uliofungwa vizuri namna ile. Nta ilishika chelewa zikakaa pamoja kama zilizozaliwa hivyo. Mwalimu wa zamu aliuchukua akaunyanyua mbele ya mistari yote akasema, "Ufagio ni huu. Wengine mmeleta takataka." Mimi, mtoto wa ticha, ambaye wasichana walikuwa hawanichezeshi rede kwa kuhofia nitapeleka maneno kwa Mama, nikatazamwa na shule nzima kwa jicho jipya. Wakati wa mapumziko Rehema, ambaye bila ruhusa yake hapakuwa na rede, alikuja mwenyewe. "Ule uzi umeutoa wapi? Niletee na mimi, halafu utakuwa timu yangu."

Nikamletea. Jumatatu iliyofuata wakataka wengine watatu. Nilikata kidogo kidogo, na kila nilipokata nilijiambia kwamba hiki ndicho cha mwisho. Nilichezeshwa rede mpaka nikachoka. Nilikuwa naitwa kwa jina, nachaguliwa wa kwanza, natumwa kumwita fulani na fulani anakuja. Sitawadanganya, zile zilikuwa wiki tamu sana katika maisha yangu ya shule ya msingi, na ndiyo maana zinaniuma: nilijua ninachokifanya na nilikifurahia. Siku moja nilikuta kibao kimebaki na pima mbili na ile nailoni ya mbele yenye ndoana. Kwa kuwa kipande kile kingeniumbua, nikakitumbukiza pamoja na kibao chake kwenye shimo la taka la shule. Msumari ukabaki peke yake nyuma ya mlango.

Mjomba alirudi siku ya Alhamisi na mkungu wa ndizi na kipande kipya cha nta kilichofungwa kwenye jani. Nilimwamkia, "Shikamoo Mjomba," akaitikia "Marahaba" huku mkono wake ukienda nyuma ya mlango. Alipapasa msumari, akapapasa ukuta, akainama akapapasa chini. Halafu, badala ya kukasirika, akaanza kucheka.

"Ahaa," akasema. "Mnyamwezi!"

Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na sisi ni watani. Mnaojua utani mnajua: mtani akikuchukulia kitu chako huruhusiwi kununa, na akikutuhumu ni mwiko kujitetea kwa machozi. Unalipiza kwa utani au unanyamaza. Wale wazee wawili walikuwa wameshaibiana viti, kofia, na mara moja sufuria zima la maharage likiwa jikoni. Kwa hiyo Mjomba hakuwa na sababu ya kuniangalia mimi. Alitoka mpaka kwenye ua, akapaza sauti:

"Wewe mbeba mizigo! Lete mshipi wangu!"

Mzee Maganga akainua kichwa kutoka kwenye gurudumu la baiskeli ya mtu. Hakujua lolote, lakini mtani hajibu "sikuchukua". Hilo ni jibu la mtu baki.

"Mshipi?" akasema. "Nimeshaula, na chumvi nimetia! Nyie Waluguru si mnalima mmejifunga kamba msiporomoke mlimani? Sasa utaporomoka, tukuone!"

Mtaa wote ukacheka. Nilicheka na mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa namna nilivyopata nafuu. Wazee wawili walikuwa wamenijengea nyumba ya kujifichia bila hata kuniuliza kama naihitaji.

Jumapili Mjomba aliingia uani kwa Mzee Maganga mchana kweupe, akamkamata jogoo wake mwekundu, akaja kumchinja kwetu. Mzee Maganga alifuata harufu, akaketi mkekani, akala kuku wake mwenyewe. "Mluguru wewe," akasema huku ananyonya mfupa, "ulikuwa na hamu ya jogoo wangu, ukatunga habari ya mshipi." Mjomba akasema, "Na wewe ulikuwa na hamu ya mshipi." Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyeanza, na mtu pekee aliyejua kwamba hakuna aliyeanza alikuwa amekaa katikati yao akila wali. Mjomba akaikata firigisi yake, akanipa nusu. Firigisi, mnajua, haipewi mtoto hovyo. Niliitafuna muda mrefu na haikutaka kushuka.

Nilisubiri Mzee Maganga aseme, "Haya, yaishe, kweli sikuuchukua." Hakusema, kwa sababu yeye aliamini hakuna mshipi uliopotea. Mjomba naye alisubiri mshipi urudi, kama viti na kofia vilivyokuwa vikirudi baada ya siku mbili tatu. Jumamosi ikapita. Nikamwona jioni moja amesimama nyuma ya mlango, kiganja juu ya msumari, hacheki. Nilimuuliza kwa nini hasokoti mwingine, nta si anayo? Akasema vidole vimechoka. Nilivitazama vidole vyake, nikaona ni vilevile.

"Twende mjini tukanunue," akasema. "Utanichagulia."

Duka lenyewe lilikuwa karibu na soko, duka la majembe, mbegu, kamba na mabeseni. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mwenye ushungi na sauti ya kuamrisha. Alitutolea aina tatu, akazipanga juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa uzi mweupe wa pamba, mnene, ule wa kushonea magunia. Ya pili nailoni ya kijani. Ya tatu ilikuwa kwenye gurudumu dogo la plastiki, nailoni isiyo na rangi, na kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya samaki mnene wa rangi ya fedha anaruka juu ya maporomoko. Samaki yule hayupo kwenye mto wowote wa kwetu. Nilimpenda palepale.

Mjomba alichukua uzi wa magunia kwanza. Aliuvuta, akausugua kwa kidole gumba, akauweka karibu sana na uso wake. "Huu utashika nta," akasema.

"Mzee, huo ni wa magunia," akasema mama wa dukani. "Mvuvi anachukua huu hapa. Samaki hauoni kabisa. Huu ndio wanaonunua wanaojua."

Mjomba akanigeukia. "Mpwa wangu, macho yako ni mapya. Huu wa tatu rangi yake ikoje?"

Nilikuwa nimesimama pale na dhambi yangu yote, na nilitaka kumlipa. Hilo ndilo lililonipofusha. Nilikuwa nimemwibia mshipi mzuri kuliko yote duniani, sasa nimwache arudi nyumbani na uzi wa magunia? Nilitaka apate kitu kizuri kuliko vyote vilivyomo dukani, kizuri kiasi kwamba kile nilichokikata kisahaulike na mimi nilale usingizi.

"Unang'aa, Mjomba," nikasema.

"Unaonekana?"

"Unaonekana. Unang'aa sana."

Na kweli ulikuwa unang'aa, chini ya taa ya duka, umeviringishwa pamoja. Nilidhani ni lile swali lake la siku zote, la mwalimu anayejua jibu. Mkono wake ulibaki kidogo juu ya ule wa magunia. Halafu akauacha.

"Basi tuchukue aliouchagua mpwa wangu," akamwambia mama wa dukani, kwa fahari, kama mtu anayemtambulisha mtoto wake kwa mgeni.

Jumamosi tulishuka mtoni. Nailoni ilitoka kwenye gurudumu imejikunjakunja, ikamzingira miguu, ikanasa kwenye majani. Aliitegua kwa subira, akikosea, akirudia, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, nikaenda kuchezea kokoto. Hatimaye akarusha. Ndoana ilisikika ikigusa maji, kisha hakukuwa na kitu. Maji ya rangi ya chai, vivuli vya mikuyu, basi. Ule mstari wa njano haukuwapo.

"Mpwa wangu, mshipi unasemaje?"

Nilitazama. Nilikaza macho, nikayafinya, nikayafungua. "Siuoni, Mjomba."

Akacheka kidogo. "Mimi pia siuoni," akasema.

Nikacheka naye, nikidhani tunataniana. Tulikaa hivyo muda mrefu, wawili tusioona kitu, tunatazama maji. Mara nailoni ikamchomoka vidoleni ikamkata, kambale amekwenda na chambo na ndoana, na damu ikadondoka kwenye kanzu yake. Alinyonya kidole, akaikunja nailoni ile taratibu, akasema leo hawali, twende nyumbani. Njiani alishika bega langu mwendo wote. Nilidhani ni mapenzi, nikatembea kwa maringo.

Hakurudi tena mtoni. Alisema ni magoti. Mwanzi aliusimamisha nyuma ya nyumba, kuku wakaanza kulala juu yake. Miezi michache baadaye alimimina chai nje ya kikombe, mezani, mbele ya Baba, akaendelea kumimina mpaka Mama akamshika mkono. Wakampeleka hospitali. Mama alirudi amevimba uso, akaniambia ni presha ya macho, imemla kwa miaka mingi na yeye akaficha, na macho yaliyokwisha kuondoka hayarudi.

Nilienda nyuma ya mlango ule wa sebuleni nikajifungia hapo. Maswali yote yalikuja kwa mpigo: unasemaje, rangi yake ikoje, unaonekana? Hakuna hata moja lililokuwa la mwalimu. Ule mshipi ulioelea, wa njano, ulikuwa kitu cha mwisho mtoni ambacho macho yake yaliweza kukifuata. Ndiyo maana ulikuwa wake yeye. Sikumpofusha mimi, hilo daktari alilisema na nimelirudia moyoni mara nyingi kuliko dua. Lakini alikuwa amebakiwa na Jumamosi kadhaa za kuona, labda za mwaka mzima, labda zaidi, nami nilizikata pima moja moja nikazigawa kwa wasichana ili wanichezeshe rede.

Mngetegemea nikamwambie. Nilipanga mara nyingi. Nikiwa sekondari, nilirudi likizo moja nikamkuta kibarazani, redio imezimwa. Alinisikia hatua, akaniita nikae karibu yake. Nilikuwa nimeapa ndani ya basi kwamba leo nitasema. Akawahi yeye.

"Mpwa wangu," akasema, "kuna kitu kinanisumbua siku nyingi. Ule mshipi uliouchagua dukani ulikuwa mzuri. Uliuchagua kwa moyo, nilikusikia sauti. Mimi nikaenda nao mara moja tu nikautupa, tena nikasingizia magoti. Nilikuvunja moyo. Ungenisamehe."

Nilitakiwa kusema maneno matatu tu, nayo nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa umenigeukia, pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa, unasubiri, na mimi nikaogopa kuuona ukibadilika.

"Nimekusamehe, Mjomba," nikasema.

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akaniomba nimwashie redio. Nimefanya mabaya mengine katika umri wangu, lakini hilo sijalipatia mwenzake.

Alifariki nikiwa chuoni. Tukampeleka kwao milimani, na Mzee Maganga akapanda naye, akisimama kila kona kuhema na kuwatukana Waluguru wanaoishi kwenye kuta. Mtani ana kazi yake msibani, na hakuna anayemzuia. Asubuhi ya mazishi, watu wakiwa wamejaa uani, alitokea amevaa koti na kofia ya Mjomba, fimbo begani imefungwa uzi, akaweka beseni la maji katikati akaanza kuvua. Alimwigiza vile alivyokaa, vile alivyovuta kohozi. "Leo hawali!" akasema kwa sauti ya Mjomba kabisa, na Mama, aliyekuwa hajanyamaza kulia tangu jana yake, akacheka akiwa amejiziba kanga mdomoni.

Kisha Mzee Maganga akapiga fimbo chini. "Hazikwi mtu hapa! Marehemu huyu mwizi! Alimla jogoo wangu kwa mshipi ambao sijawahi hata kuugusa. Nani atanilipa? Nani aliuchukua ule mshipi? Ajitokeze, la sivyo nalala kaburini mimi!"

Nikasimama. Sijui miguu ilitoka wapi.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeukata. Niliukata wote nikafungia fagio za shule."

Mara uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Walicheka wajomba, wakacheka wapishi kule kwenye mafiga, mtu akapiga vigelegele. Walisema mtoto huyu naye ana utani, kamjibu Mnyamwezi vizuri. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu akanipiga kofi la mapenzi mgongoni. Nilisema tena, "Ni kweli," na wakacheka zaidi, mpaka nikakaa chini.

Mzee Maganga peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Watu walipoinuka kwenda kunawa, alinifuata nyuma ya nyumba, ameshika kofia ya Mjomba mkononi.

"Ulikuwa unasema kweli?"

"Kweli, babu. Nisamehe. Ulitukanwa bure, na jogoo wako akaliwa bure."

Usoni mwake hamkuwa na utani hata chembe. "Yeye ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Hata alipopofuka?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mimi sina la kukusamehe, mjukuu wangu," akasema polepole. "Mwenye nalo ndiye huyu tunayekwenda kumfukia."

Akaivaa tena kofia, akairekebisha ikakaa upande kama Mjomba alivyoiweka, akarudi uani kuchekesha watu.